TUPEANE UZOEFU: Wangembakisha, au walifanya vyema kumwachia?

Kikwajuni Juu

Assalaam aleykum wanasoka. Kila dirisha la usajili likifungwa barza zetu zinageuka mahakama: Yanga wangembakisha Fei, Simba wasingemwacha Chama, KMKM wasingemtoa Bacca. Safari hii tuweke mapenzi pembeni. Anayeleta hoja ataje mkataba ulikuwa umebakia muda gani, pengo lilizibwa na nani, na klabu ilibaki na nini mkononi.

Naanza na Feisal Salum, huyo Fei, mtoto wa hapahapa Zanzibar aliyepita klabu ya JKU. Disemba 2022 alitaka kuvunja mkataba kwa kuwarejeshea Yanga shilingi milioni 112: milioni 100 za usajili na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikasema bado ni wa Yanga, kwani mkataba ulikuwa unaishia 2024. Mvutano ukaenda mpaka Juni 2023, Rais Samia alipowaomba viongozi wa Yanga pale Ikulu walimalize, na siku chache baadaye akauzwa Azam.

Msimu wa 2023/24 akafunga mabao 19 ya ligi, naye kiungo, na Azam wakashika nafasi ya pili. Ukiishia hapo utasema Yanga wamekula hasara. Lakini msimu huohuo Aziz Ki wa Yanga alifunga 21, ubingwa ukabaki kwao Jangwani, na Mamelodi waliwatoa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa penalti tu. Halafu kuna hili: kwa kanuni za FIFA mchezaji aliyebakisha miezi sita au pungufu ana haki ya kuzungumza na klabu yoyote. Wangekaza kamba, kufika 2024 Fei angeondoka bure. Waliuza wakati bado kuna cha kuuza.

Mnyama wa Mkunazini

La Fei nakubaliana nawe. Letu sisi Simba ni tofauti, na khasa mwaka 2021. Dirisha moja tuliwatoa Chama kwenda RS Berkane na Luis Miquissone kwenda Al Ahly. Kila mmoja peke yake alikuwa biashara nzuri. Kosa ni kuwatoa pamoja watu wawili wanaofanya kazi ileile ya kuwalisha washambuliaji. Ukiuza mmoja, kocha anahamishia mashambulizi upande uliobaki. Ukiuza wote, mshambuliaji anasimama kati anangoja mpira usiofika. Tulikuwa mabingwa mara nne mfululizo, msimu uliofuata Yanga wakachukua bila kufungwa hata mechi moja.

Na kumrudisha mtu si dawa. Chama alirudi Januari 2022 akatusaidia, lakini 2024 mkataba ukaisha akavuka mtaa kwenda Yanga na hatukupata hata senti. Luis alirudi 2023, mchezaji yule tuliyemuuza hakuonekana tena.

Mwananchi Ng'ambo

Na Mayele, mshambuliaji wa Yanga, je? Yule nasema wangembakisha. Mabao 17 ya ligi msimu wa 2022/23 na 7 ya Kombe la Shirikisho Afrika, hadi fainali na USM Alger. Kaenda Pyramids ya Misri, na 2025 kafunga Cairo kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, kabeba kombe.

Kikwajuni Juu

Wambakishe kwa pesa ipi, sheikh? Klabu ya Misri ikitia ofa, mshahara wa huku haushindani.

La kujifunza kwa Mayele ni namna ya kuziba. Kwanza walileta nambari tisa mwengine, yaani mshambuliaji wa kati, Konkoni, hakumaliza msimu. Januari akaja Guede. Kilichowaokoa khasa ni kuyagawa mabao: Aziz Ki, Max, Pacome, na Mudathir anayetokea nyuma. Kabla ya kumtafuta "Mayele mpya" mtu akae na mechi za msimu uliopita aangalie kila bao lilitokea wapi: krosi, kona, mpira wa kupenya, penalti. Yanayotokana na kocha anavyopanga timu yatapata mfungaji mwengine. Yale aliyoyatengeneza mwenyewe kutoka hewani, hayo ndiyo pengo, na kwa kawaida ni machache kuliko tunavyodhani.

Karani wa Usajili

Mnazungumza Simba na Yanga tu, na klabu zetu je? Huko ndiko tunakoumia, kwa sababu sisi hatuulizwi kama tungembakisha. Bara wakimtaka, ataondoka. Suala ni anaondoka na karatasi gani.

Watu wengi wanangojea "pesa za FIFA" bila kujua zinavyokwenda. Zile fidia za mafunzo za FIFA ni za uhamisho baina ya shirikisho moja na jengine. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, mwanachama ni TFF. Kwa hivyo kijana akivuka bahari kwenda Dar, kwa FIFA hakutoka nchi. Mtakacholipwa ni kile mlichoandika nyinyi wenyewe.

Ya pili ni asilimia tano ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa nje kwa pesa, klabu inayonunua inakata asilimia 5 ya bei, nayo hugawiwa klabu zilizomlea. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya bei, na wa 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Tuseme mlikuwa naye tangu 12 mpaka 19: misimu minne ya mwanzo ni asilimia 1, minne ya baadaye asilimia 2, jumla 3. Akiuzwa dola 200,000, fungu lenu ni dola 6,000. Akiondoka mkataba umeisha, bei ni sifuri, na mshikamano sifuri.

Sasa linganisha na kifungu cha mauzo ya baadaye, yaani fungu lenu klabu iliyomchukua ikimuuza tena. Mkimtoa kwa bei ndogo lakini mkaandika asilimia 20, kwa mauzo yaleyale mnapata dola 40,000. Viongozi wetu wanagombania milioni mbili tatu za mkononi na hiki wanakisahau. Kukiandika nako kuna mitego:

Andikeni asilimia "ya bei yote", si "ya faida". Ikiandikwa faida, watatoa usajili, wakala, matibabu, hadi mnagawana hewa. Wekeni neno la mkopo wa kulipiwa, na la kubadilishana wachezaji, la sivyo watasema hakuna bei. Na kwa kuwa anaweza kuondoka bure, ongezeni malipo yasiyotegemea mauzo: kiasi fulani akifikisha mechi 15 za ligi, kiasi chengine mkataba wake ukirefushwa. Haya yote yawe kwenye mkataba wa klabu na klabu. Ahadi ya katibu kwenye simu haidaiwi popote.

Mama wa Jukwaa

Ahsante karani. Naongeza la timu za vikosi vya serikali hapa Zanzibar. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto wana wachezaji ambao ni waajiriwa wa kikosi. Kwao huyo mtu ana mambo mawili, ajira na usajili, na kumalizana na klabu pekee hakumalizi la ajira. Ndiyo maana dili nyengine hukwama wiki ya mwisho: Bara washatuma pesa, ruhusa ya kikosi bado iko mezani. Barua ya ruhusa iombwe kabla ya bei haijatajwa. Bacca alitoka KMKM kwenda Yanga dirisha dogo la Januari 2022, na dirisha dogo ndilo gumu zaidi, siku chache na katikati yake Kombe la Mapinduzi, kila wakala yuko uwanja wa Amaan.

Wete Mjini

Na sisi wa Pemba? Kijana anatoka timu ya mtaani anaenda Unguja, miaka miwili baadaye yuko Bara, klabu ya kwanza haitajwi kabisa.

Karani wa Usajili

Haitajwi kwa sababu haipo kwenye kumbukumbu, kaka. Hesabu ya misimu inatokana na usajili, haitokani na nani alimnunulia viatu. Msajilini kwenye shirikisho tangu ana miaka 12, kila msimu, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Wekeni nakala ya cheti cha kuzaliwa. Jina liwe moja kila mahali: akiwa Khamis Juma skuli na Juma Khamis kwenye fomu, huyo ni watu wawili. Umri msipunguze, maana mkiupunguza leo, misimu yenu ya 16 kwenda juu inasomeka kama ya 13, na fungu linakatika nusu.

Akiwa chini ya miaka 18 mkataba wake hauzidi miaka mitatu, na mzazi atie saini. Mkikubaliana mshahara, lipeni. Miezi miwili bila kulipwa, akiwaandikia barua ya siku 15 na bado kimya, ana sababu halali ya kuondoka.

Mwananchi Ng'ambo

Hilo la mishahara ndilo lililowatoa wengi, hata hao wakubwa. Lakini Mayele bado nasema wangembakisha, angalau mpaka Januari.

Kikwajuni Juu

Januari Pyramids wangekuwa washanunua mwengine.