Spitfire Mk I ya 1/72: rangi napaka kabla au baada ya kugundisha?

Mwanambawa: Habari wakuu, nina boksi la modeli ya kuunganisha ya Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza (1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko halisi), vipande bado viko kwenye fremu, nataka itoke kama zile zilizopigana na Wajerumani juu ya Uingereza mwaka 1940. Rangi napaka kabla ya kugundisha au baada? Na tumboni rangi gani, maana picha zingine ni kijani cha mpauko zingine bawa moja jeusi lingine jeupe, sielewi nishike ipi. Natumia brashi tu.

fundi_praima: Mkuu anza na chumba cha rubani, hicho lazima kabla, ukishafunga bodi brashi haifiki tena. Ndani ni kijivu cha kijani. Halafu gundisha bodi na mbawa, jaza puti kwenye maungio, piga msasa wa maji hadi ukipitisha kucha isikwame, ndo upake praima (rangi ya msingi). Propela na matairi acha mwisho. Rangi izimue iwe kama maziwa, paka koti nyembamba mbili tatu na usirudie sehemu mbichi, itachubuka.

Koni Nyeusi: Picha zote ziko sawa, inategemea mwezi. Mpaka mwanzoni mwa Juni 1940 bawa la kushoto kwa chini lilikuwa jeusi la kulia jeupe, ili wenzao walioko ardhini wazitambue wasizitungue, halafu ikaja amri ya rangi moja inaitwa Sky, ndo hiyo kijani ya mpauko. Juu ni kahawia ya udongo na kijani kizito. Ila mkanda wa Sky karibu na mkia pamoja na koni ya Sky (ile ya katikati ya propela) vilikuja Novemba, kwa hiyo kama yako ni ya Agosti koni iwe nyeusi na mkanda usiweke kabisa. Watu wengi wanachanganya hapo na inaniuma kweli.

Mwanambawa: Asanteni sana, basi naifanya ya Agosti. Na stika zisiache ule weupe?

fundi_praima: Huo weupe ni hewa inanasa chini ya stika kwa sababu rangi isiyong'aa ina mikwaruzo midogo midogo. Paka vanishi ya kung'aa kwanza, ikauke kabisa, loweka stika maji ya vuguvugu, itelezeshe mahali pake, kandamiza na pamba, ndo umalizie na vanishi isiyong'aa.

Koni Nyeusi: Na usisahau vile vipande vyekundu ukingo wa mbele wa mbawa, ni vitambaa vya kuziba midomo ya bunduki zake 8 kabla hazijapigwa.