Tupeane uzoefu: programu ya kuoanisha ilikugomea wapi, ukaitatuaje?

Mwana_Chumbageni
Wanajamvi, salaam kutoka Tanga mjini. Tuko wengi tunaokabidhiwa data ya mradi na kuulizwa kama waliokuwemo wamefaidika kuliko wasiokuwemo. Huwezi kuwalinganisha hivihivi, kwa sababu aliyejiunga mara nyingi alishakuwa na shamba kubwa au elimu zaidi tangu mwanzo. Ndipo tunapokimbilia kuoanisha: kila aliyekuwemo atafutiwe mwenzake wa nje anayefanana naye. Naanza na langu, nanyi mwageni yenu.

Data yangu ilikuwa ya wakulima wa machungwa, Muheza. Natumia MatchIt, kifurushi cha kuoanisha ndani ya R, programu ya takwimu. Siku ya kwanza ikagoma, ikasema vigezo vina nafasi tupu. Nikafuta kila mstari wenye NA (alama ya R ya nafasi tupu), ikapita, nikaenda kulala. Wiki iliyofuata natazama jedwali la ulinganifu, naona wastani wa umri wa kundi la nje ni miaka ishirini na kitu. Wale watu nilikaa nao mimi mwenyewe chini ya michungwa, wengi wana wajukuu! Kufungua faili, kumbe karani aliandika -99 kila mzee aliposema hajui mwaka aliozaliwa. Kwa mashine -99 ni namba kama 45 ilivyo namba, kwa hiyo haikulalamika hata kidogo.

Lakini lililoniuma ni wale niliowafuta. Niliporudi kuwatazama mmojammoja, wengi walikuwa wajane. Ukubwa wa shamba haukuandikwa kwa kuwa shamba liko kwa jina la shemeji. Nilikuwa nimewatoa wajane kwenye utafiti kwa amri moja. Tangu siku ile sifuti NA kabla ya kujua ni ya nani.

Binti_Tongoni
Pole kaka. Yangu ilikuwa ya kinamama wa mwani. R ilitoa onyo kwamba uwezekano uliokadiriwa, yaani wa mtu kuwemo kwenye mradi, umefika 0 au 1 kabisa. Ni onyo tu, kazi inaendelea, nami nikaendelea. Kila mama aliyekuwemo alikuwa karibu na 1, kila wa nje karibu na 0, na programu bado ikanipa jozi, maana usipoiwekea mpaka itamchukua aliye karibu hata akiwa mbali kiasi gani.

Nilihangaika siku tatu nikidhani ni toleo la programu. Tatizo lilikuwa safu moja: idadi ya kamba za kufungia mwani. Kamba zilitolewa na mradi wenyewe! Nilikuwa naiambia mashine itabiri nani yumo kwa kutumia zawadi aliyopewa kwa kuwemo. Nikaitoa safu ile, onyo likaondoka, makundi yakaingiliana. Sasa kila kigezo nakiuliza: ulikuwepo kabla ya mradi au umekuja nao? Kilichokuja nao hakiingii.

Mkaazi_Dunda
Bagamoyo hapa. Mimi nilitaka kata zilingane sawasawa: mama wa kata fulani aoanishwe na wa kata hiyohiyo. Nikapata jozi chache mno. Sababu ni ya kitoto: "Zinga", "zinga" na "Zinga" yenye nafasi mwishoni, kwa programu ni kata tatu. Nikasafisha majina, jozi zikaongezeka, nikafurahi.

Furaha haikudumu. Magomeni ipo Bagamoyo na Magomeni ipo Dar es Salaam, na faili lilikuwa na kinamama wa pande zote mbili. Kwa siku kadhaa nilikuwa namwoanisha mama wa hapa na mama wa Dar, na hakuna onyo lolote lililotokea. Sasa naunganisha wilaya na kata kuwa safu moja kabla ya kufanya lolote.

Mwalimu_Pangani
Ninyi mko R, mimi ni mtu wa Stata, programu nyingine ya takwimu, na amri yake ya kuoanisha, psmatch2. Msimamizi aliniomba nirudie jibu mbele yake, likatoka tofauti na nililomwandikia. Aibu niliyopata sitaisahau. Watu kadhaa wa nje walikuwa na alama ileile ya uwezekano wa kuwemo, na programu huchagua kwa kufuata mpangilio wa mistari kwenye faili. Panga mistari kwa namba za nasibu kabla ya kuoanisha, na mbegu ya nasibu (namba inayofanya bahati nasibu itoke vilevile kila ukirudia) uiandike mwanzoni mwa faili la amri. Ukikosa mbegu, kila ukirudia unapata jozi nyingine.

Binti_Tongoni
Nimekumbuka jingine, la kalipa, yaani mpaka wa tofauti unayoiruhusu kati ya wawili wa jozi. Nilitaka tofauti ya umri isizidi miaka 5, nikaandika 5. MatchIt kwa kawaida yake huisoma namba hiyo kama mikengeuko sanifu 5 (kipimo cha jinsi umri ulivyotawanyika), si miaka. Yaani nilikuwa sijaweka mpaka wowote! Binti wa miaka 20 akapewa bibi wa 60. Ukitaka miaka, zima usanifishaji wa kalipa.

Mgeni_Pongwe
Shikamooni wakubwa. Mimi inaniambia wa nje ni wachache kuliko waliokuwemo, si wote watakaopata mwenza. Nimeondoa programu na kuiweka upya mara mbili.

Mwana_Chumbageni
Marahaba mdogo wangu. Usiiondoe tena. Ukitaka kujua kama ugonjwa uko kwenye kompyuta au kwenye data, ijaribu kwa data ya lalonde inayokuja na MatchIt yenyewe: watu 614, 185 walikuwemo na 429 wa nje. Ikipita hapo, programu ni nzima.

Onyo lako ni hesabu tupu. Ukioanisha mmoja kwa mmoja bila kurudisha, wenye wenza hawawezi kuzidi idadi ya wa nje. Unaweza kuruhusu mtu wa nje atumike zaidi ya mara moja, au uoanishe kwa vikundi ili kila mtu apate uzito wake. Njia yoyote utakayochukua, tazama tofauti sanifu za wastani, yaani pengo la wastani kati ya makundi mawili likigawanywa kwa mkengeuko sanifu. Wengi wetu hatuzikubali zikizidi 0.1. Una wangapi kila upande?

Mgeni_Pongwe
Ndani 140, nje 96. Nimejaribu lalonde sasa hivi, imepita. Halafu nimeangalia safu ya umri kama ulivyosema juu. Kuna -99 kumi na moja.

Mwana_Chumbageni
Anza na hao kumi na moja. Tafuta madodoso ya karatasi.