Kushika mimba ukiwa na mrija mmoja wa uzazi: upande, siku na vipimo

Nuru_K aliuliza:

Habari zenu wapendwa. Naomba wenye ujuzi wa mambo ya uzazi wanifafanulie. Umri ni miaka 31. Mrija wa kulia umetolewa kwa upasuaji kwa sababu mimba ilitunga nje ya kizazi. Ovari zote mbili zipo, na hedhi inakuja kila baada ya siku 27 hadi 30.

Je, mwezi ambao yai linatoka ovari ya kulia ndiyo umekwenda bure? Nisubiri muda gani kabla ya kujaribu tena? Kipimo cha mirija nikifanye sasa au baadaye? Na mimba ikiingia, nitajuaje mapema kwamba safari hii imekaa mahali pake?

Mkunga_wa_Zamu:

Pole sana dada. Nianze na hilo la upande, maana ndilo linalowavuruga wengi.

Ovari na mrija havijashonwa pamoja. Mwisho wa mrija kuna vidole laini ambavyo, yai likikaribia kutoka, huinama na kupapasa uso wa ovari. Lakini kati yao kuna uwazi, na yai linaweza kudondokea ndani ya nyonga, hasa kwenye kile kibonde kilicho nyuma ya kizazi. Mrija ulio hai husogea, na vidole vyake hufika hadi huko. Kwa hiyo mrija wa kushoto unaweza kabisa kudaka yai la ovari ya kulia. Ushahidi wake madaktari huuona kwa macho: kuna wanaofanyiwa upasuaji wa mimba ya nje, mimba ikakutwa mrija wa kushoto, ilhali alama ya mahali yai lilipotokea iko kwenye ovari ya kulia.

Pia ovari hazipokezani zamu. Upande mmoja unaweza kutoa yai miezi miwili au mitatu mfululizo, kisha mwingine ukashika. Kwa hiyo kuhesabu "mwezi huu kulia, ujao kushoto" ni kujinyima nafasi. Yale maumivu ya upande mmoja katikati ya mzunguko nayo si ya kuyategemea. Usiruke mwezi hata mmoja.

Kuna utafiti mkubwa uitwao ESEP, ulichapishwa 2014. Ulihusu wanawake wenye mimba ndani ya mrija lakini mrija wa pili ukionekana mzima. Baadhi walitolewa mrija wote, wengine mrija ulipasuliwa, mimba ikaondolewa na mrija ukaachwa. Ndani ya miezi 36, waliopata mimba kwa njia ya kawaida ikaendelea vizuri walikuwa 56.2% kwa waliotolewa mrija na 60.7% kwa walioachiwa. Kitakwimu tofauti hiyo haikuwa na uzito. Ndiyo maana nasema swali la msingi si idadi ya mirija, ni uzima wa huo uliobaki.

Siku_kwa_Siku:

Nakuunga mkono mkunga. Niongeze upande wa siku, maana hapo ndipo watu hupoteza miezi bila kujua.

Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayofuata*. Hesabu kwa kurudi nyuma kutoka hedhi unayoitarajia. Mzunguko wa siku 27 hadi 30 unaliweka yai kati ya siku ya 13 na ya 16, siku ya 1 ikiwa ni siku hedhi inapoanza. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Ndiyo maana mbegu zinatakiwa ziwe zimetangulia. Anayengoja mpaka auone ute ukianza kukauka huwa kachelewa. Kwako wewe, kukutana siku moja na kupumzika siku moja, kuanzia siku ya 8 hadi ya 17, kunatosha. Kulala na miguu juu ya ukuta hakuongezi kitu.

Ukitaka kutumia vipimo vya mkojo vya LH, homoni inayopanda yai likikaribia kutoka, anza siku ya 10. Usitumie mkojo wa kwanza wa alfajiri. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, muda uleule kila siku, na usinywe maji mengi saa mbili kabla. Mstari hafifu hauhesabiwi. Mpaka mstari wa kipimo ulingane na ule wa kulinganishia au uuzidi weusi, ndipo useme tayari. Yai hufuata ndani ya saa 24 hadi 36. Mwenye ovari zenye vifuko vingi vidogo anaweza kuona mistari mizito mara kadhaa ndani ya mwezi mmoja, na kwake vipimo hivi hudanganya.

Vilainishi vingi vya kawaida hupunguza mwendo wa mbegu, na mate pia. Kama ukavu unasumbua, tafuta kile kilichoandikwa wazi kwamba ni salama kwa wanaotafuta mtoto.

Kuhusu kusubiri: baada ya upasuaji, kwa kawaida hushauriwa hedhi mbili za kawaida zipite, kidonda kipone na tarehe zisomeke. Lakini kama ulichomwa sindano ya metotreksati (dawa ya kukomesha mimba ya nje), kabla au baada ya upasuaji, subiri miezi 3, kwani dawa hiyo hupinga kazi ya asidi ya foliki na inaweza kumdhuru mtoto anayeanza kuumbwa. Asidi ya foliki yenyewe, mikrogramu 400 kila siku, ianze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba.

Na sigara, kwa mwenye mrija mmoja, ni ya kuacha kabisa. Ndani ya mrija kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma yai kuelekea kizazini. Moshi wa sigara huvidhoofisha, yai lililorutubishwa huchelewa njiani, na linaweza kujishikiza humohumo.

Maabara_na_Picha:

Mimi nitasema kuhusu vipimo, na naanza na mwenzako. Kabla hujaingizwa dawa yoyote kizazini, apimwe manii. Kipimo hicho hakina maumivu, na mara nyingi ndicho kinachosahaulika. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, na isikusanywe kwenye kondomu ya kawaida kwa sababu ina vitu vinavyoua mbegu. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Jibu baya la mara moja si hukumu. Hurudiwa baada ya miezi kama mitatu, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa.

Kipimo cha mirija, HSG, ambapo dawa husukumwa kizazini na kupigwa picha ya eksirei, hufanyika damu ikishakoma na kabla yai halijatoka, yaani kati ya siku ya 6 na ya 11. Pima mimba kwanza. Meza dawa ya maumivu uliyozoea saa moja kabla. Ukiwa na historia ya maambukizi ya nyonga, sema, ili upewe antibayotiki za kinga. Na pima klamidia na kisonono mapema, kwani kusukuma dawa kupita kizazi chenye maambukizi kunaweza kuyapeleka hadi kwenye mrija pekee ulionao.

Sasa au baadaye? Kanuni ya jumla kwa walio chini ya miaka 35 ni kuchunguzwa baada ya mwaka mmoja wa kujaribu. Kwa aliyewahi kupata mimba ya nje, mimi singengoja mwaka. Miezi 6 inatosha. Tafuta pia ripoti ya upasuaji wako. Daktari aliuona mrija wa kushoto kwa macho yake, na kama kulikuwa na makovu, huenda yameandikwa pale.

Zuhura_M aliuliza:

Naomba kuongezea hapohapo. Ripoti ya HSG ikiandika kwamba dawa imeishia kwenye kona ya kizazi, haikuingia mrijani kabisa, ndiyo mwisho wa matumaini ya mimba ya kawaida?

Maabara_na_Picha:

Hapana, ndugu Zuhura, tena hilo ndilo jibu la HSG linalopaswa kutiliwa shaka kuliko yote. Pale konani misuli ya kizazi inaweza kujikaza kwa maumivu au kwa dawa kusukumwa haraka, picha ikaonyesha kuziba ambako hakupo. Wakati mwingine ni ute mzito tu. Hurudiwa, au hupitishwa mpira mwembamba moja kwa moja hadi mlangoni mwa mrija, au daktari huangalia kwa kamera ya tumboni huku dawa ya rangi ikisukumwa kutoka chini.

Kuziba kwa mwisho wa mrija, upande wa ovari, ni jambo jingine. Hapo mrija hufumbana, hujaa maji na kuvimba. Hata vidonge vya kupevusha mayai havisaidii, kwa sababu yai halina pa kuingilia. Hata IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili kisha kulipandikiza kizazini, hudhurika, kwani maji hayo hurudi kizazini na kupunguza sana uwezekano wa mimba kujishikiza. Ndiyo maana mrija wa namna hiyo hutolewa au hubanwa kabla ya kupandikiza. IVF yenyewe ilianzia kwenye tatizo hilihili: Lesley Brown, aliyemzaa Louise Julai 1978 huko Uingereza, alikuwa na mirija iliyoziba.

Dawa za kunywa au za kuchomeka ukeni zinazotangazwa kwamba zinazibua mirija, ziacheni. Kovu haliyeyuki kwa dawa, na za kuchomeka huweza kuunguza na kuleta maambukizi mapya.

Mkunga_wa_Zamu:

Limebaki swali la mwisho la Nuru, na ndilo la kutofanyia mzaha. Baada ya mimba moja ya nje, uwezekano wa kurudia ni kama mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo siku kipimo cha mkojo kikisema ndiyo, toa taarifa kliniki siku hiyohiyo. Usingoje wiki ya 12.

Damu hupimwa homoni ya mimba, hCG, kisha hurudiwa baada ya saa 48. Wengi wameambiwa lazima iongezeke maradufu, wakalia bure. Ikianza chini ya 1,500, ongezeko la asilimia 49 bado linakubalika, na ikiwa juu zaidi hupanda polepole zaidi. Kwa upande mwingine, mimba ya nje nayo inaweza kupanda vizuri, kwa hiyo namba peke yake haikuhakikishii kitu. Fanya ultrasaundi ya kupitia ukeni wiki ya 6, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Uliza hivi: "Kifuko kiko ndani ya kizazi, na ndani yake kuna kiini au mtoto?" Kifuko kitupu hakitoshi, kwa sababu mimba ya nje inaweza kukusanya maji kizazini yakaonekana kama kifuko.

Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu au kuzirai, au maumivu ya bega bila kuumia: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama damu inayotoka ni matone tu. Na maumivu yakiwa upande wa kulia usijiambie "huku hakuna mrija". Mara chache mimba hutunga kwenye kipande kilichobaki pale mrija ulipokatwa. Ukifika, taja mrija uliotolewa ni upi, tarehe ya hedhi ya mwisho na kundi lako la damu, kwani mwenye Rh hasi anaweza kuhitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72.