Mrejesho: ukuta wa titani uliokuwa unageuka bluu na kupasuka

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini vipande vyangu vya aloi ya titani, ile yenye alumini 6% na vanadi 4%, vinageuka bluu na kupasuka ninapovijenga tabaka kwa tabaka kwa leza na unga wa metali. Wengi mlisema nipunguze nguvu ya leza. Nilipunguza, unga haukuyeyuka vizuri, vitundu vikabaki kati ya matabaka, na bluu ikabaki palepale.

Aliyeniambia niangalie hewa ndiye aliyepatia. Agoni, gesi isiyoungana na metali, inayotoka kwenye nozeli (mdomo unaopuliza unga) ilikuwa inakinga dimbwi la metali iliyoyeyuka tu. Leza ikishasogea, ukuta ulio nyuma yake bado una joto kali, na titani ikiwa juu ya nyuzi 500 hivi za Selsiasi hunyonya oksijeni kwa pupa. Ndiyo maana ukuta uligeuka bluu, ukawa mgumu na kukatika kama kigae.

Sasa najengea ndani ya kisanduku kilichojaa agoni, na siwashi leza kabla kipimo cha oksijeni hakijashuka chini ya sehemu 50 kwa milioni. Ukuta wa jana umetoka unang'aa kama fedha, hauna ufa hata mmoja. Niliutazama muda mrefu.

Kilichobaki ni mkazo, yaani nguvu zinazobaki ndani ya metali ikipoa: bamba la chini ninalojengea ukuta limejikunja kidogo. Wiki ijayo ukuta na bamba vinaingia pamoja kwenye tanuri la ombwe (lisilo na hewa ndani) ili kupunguza mkazo huo, kabla sijavitenganisha. Asanteni sana, hasa yule wa hewa.