Mwizi akishaingia ndani, mwenye nyumba aruhusiwe kufika wapi?

Mleta mada, Nzuguni
Wakuu, habari za usiku. Juzi kwenye kikao cha mtaa wetu nusura tushikane mashati. Nyumba ya tatu kutoka kwangu walivunja mlango kwa fatuma saa 8 usiku, mume na mke wamo ndani. Kwa asiyeijua, fatuma ni lile jiwe la kubebwa na watu wawili. Mlango wa mninga unaachia kwa mapigo mawili, kitasa kinabaki kimefungwa vilevile. Asubuhi nilienda kuwapa pole nikalikuta katikati ya sebule, limekaa juu ya zulia na vumbi lake jekundu. Hakuna aliyetaka kuligusa. Mume kapigwa bapa la panga begani, runinga na simu mbili zimeondoka.

Kikaoni mzee mmoja akasema kila mwenye uwezo aombe kibali cha bastola. Makofi! Mimi nikapinga, nikaitwa mwoga. Basi nauleta mjadala huku jukwaani.

Hoja yangu ni kwamba kinachotuumiza Dodoma ni umbali. Tangu serikali ilipohamia, mji umemea kama mbegu zilizorushwa na upepo: nyumba, viwanja vitatu vya nyasi, msingi uliotelekezwa, halafu nyumba tena. Kila mtu kajizungushia ukuta futi nane. Mwezi wa 7 upepo unagonga mabati usiku kucha, ukipiga yowe jirani anajua ni bati. Bastola ya nani itaziba hapo?

Mama Wawili, Mkonze
Kaka, nakuheshimu, ila wewe unaandika ukiwa na mwenzio ubavuni. Mume wangu ni dereva wa malori, akitoka hapa kwenda Kahama hadi Kigoma ni wiki mbili sijamwona. Mimi na watoto wawili. Nina panga chini ya godoro na sioni haya kulisema. Siku zote mnatuambia tupulize filimbi ya kuita majirani. Nikipuliza aje nani? Jirani yangu ni msingi.

Na hiyo "nguvu ya kiasi" mnayoisema kila siku, huyo anayeingia atanipimia kiasi?

Wakili wa Area C
Niseme la sheria kidogo, maana naona watu wanapotoshana. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C: kuutetea mwili wako, wa mwenzio na mali yako ni haki. Masharti ni kwamba nguvu iwe ile inayohitajika kwa hali iliyopo. Ukizidisha na mtu akafa, unajibu kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 18C kinakukinga hata kama umeua, ilimradi uliamini kwa nia njema, na kwa sababu za msingi, kwamba ilibidi kuokoa maisha, viungo au mali.

Ugumu uko hapa. Mwizi kashika redio yako, kageuka, anaruka ukuta, wewe unampiga risasi. Hilo tundu la mgongoni ndilo litakalozungumza mahakamani, wewe utabaki kuapa tu. Na polisi wakiandika mauaji ya kukusudia, hakuna dhamana. Unaweza kuwa na haki zako zote ukazisubiri gereza la Isanga.

Dada wa Mkonze, pigo la kwanza mlangoni naweza kulitetea bila jasho. Akishadondoka, hilo la pili na la tatu ndiyo yatakayonikosesha usingizi.

Kijana wa Ilazo
Wakili anaongea kama mtu aliyelala vizuri. Gizani unahesabu mapigo?

Halafu kuna jambo hamlisemi. Wananchi wenye hasira kali wakimchoma mtu kwa tairi, kesho yake maisha yanaendelea. Mimi nikimpiga ndani ya chumba changu, nashtakiwa. Haki gani hiyo?

Wakili wa Area C
Kisheria hata hao ni wauaji. Shida ni shahidi. Watu mia walikuwepo, lakini ukiuliza nani alileta petroli, kila mmoja alikuwa amefika mwishoni. Wewe chumbani kwako uko peke yako, huna wa kumsingizia.

Mzee wa Mpwapwa
Vijana, shikamooni zenu nimezipokea ingawa hamjazitoa.

Sungusungu tuliwasikia miaka ya 80 kutoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Huku kwetu mtu alitegemea boma la miiba, mbwa na rungu, na wachache magobore. Marehemu kaka yangu alikuwa nalo. Gobore unalilisha kwa mdomo: baruti, kitambaa, vipande vya chuma, unashindilia kwa fimbo, ndipo uweke fataki. Aliliacha limeshindiliwa tangu masika, limening'inia juu ya mlango. Wezi wa ng'ombe walipokuja akafyatua, ikasikika ta, basi. Baruti ilishakula unyevu. Wakamnyang'anya na lenyewe. Ng'ombe wanne tuliwakuta kesho yake bondeni. Gobore hatujaliona mpaka leo, na sijui lilikwenda kuumiza nani.

Serikali ikitangaza msamaha wa kusalimisha silaha, nendeni.

Mleta mada, Nzuguni
Mzee shikamoo, utuwie radhi.

Mama Wawili, hapo kwenye msingi umenibana, sina jibu zuri. Ila jambo moja wale wapiga makofi hawakulifikiria: kibali cha silaha ni cha mtu, si cha nyumba. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inampa aliyeomba na kukaguliwa, basi. Mumeo akikipata, akaifungia bastola kasikini na kusafiri, wewe huruhusiwi kuigusa. Ukiichukua usiku huo, tayari una kosa kabla hata mwizi hajaingia.

Sisi hapa tumeanza na kidogo. Ulinzi shirikishi umesajiliwa kwa mwenyekiti, vijana sita wanazunguka kwa zamu, na taa za sola tumefunga kwenye kona za viwanja vitupu, maana fatuma huokotwa humohumo kwenye misingi. Tulikusanya mawe yote makubwa Jumamosi. Watu walicheka, lakini trekta lilijaa.

Mama Wawili, Mkonze
Kwa hiyo bastola yenyewe ni ya mwanaume asiyekuwepo. Panga langu linabaki lilipo.

Hizo taa, fundi wenu anafika Mkonze?