Friji ya waini au friji la kawaida na ndoo ya barafu? Nalipia Ijumaa

Bi_Kaunta: Habari zenu wakuu. Nafungua mgahawa wa samaki na nataka waini iwepo, nyekundu, nyeupe na zile zenye povu. Dukani nimeoneshwa friji ndogo ya waini, ina kioo na taa, muuzaji anasema haina kelele kabisa. Mume wangu anasema nichukue friji la kawaida na ndoo za barafu hela ibaki. Nichukue ipi?

Fundi_Baridi: Dada hujasema uko mkoa gani, chupa ngapi, chumba kina AC au hakina. Na hiyo friji ina kompresa, ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi ya kupoza? Hapo kwenye "haina kelele" ndo pananipa wasiwasi.

Mdau_Mbezi: Na bajeti je? Watu mnaomba ushauri nusu ya habari mmebaki nayo.

MzeeWaGlasi: Mimi niko na shemeji. Friji la kawaida linakaa nyuzi 4 hivi. Yenye povu inataka 6 mpaka 8, nyeupe nyepesi 8 mpaka 10, nyeupe nzito iliyolala kwenye pipa 10 mpaka 13, kwa hiyo unaitoa unaiacha mezani kidogo, kwa joto letu inapanda chap. Mteja akitaka chupa ambayo haijapoa, ndoo, barafu NUSU MAJI NUSU, tupia chumvi, dakika 20 tayari. Wahudumu wengi wanajaza barafu tupu, inagusa chupa sehemu chache tu, haipoi.

Bi_Kaunta: Niko Kigamboni, banda la makuti, AC hakuna. Chupa kama 30.

Fundi_Baridi: Basi hiyo ya kimya achana nayo. Hazina kompresa zile, zinapoza kwa kibati cha umeme na feni, na nyingi zinashusha nyuzi 10 hadi 15 tu chini ya joto la hapo ilipo. Nje 32, ukitoa 12 umebaki na 20, hiyo hata nyekundu hairidhiki. Niliitwa hoteli moja ya ufukweni walinunua mbili wakaziweka jikoni karibu na oveni, kioo kinaonesha 12 kwa kuwa ndo namba waliyoseti, nikaweka kipimajoto changu kwenye glasi ya maji mle ndani nikafunga mlango, kurudi nakuta 22. Feni zinazunguka usiku kucha. Wageni walikuwa wanarudisha nyeupe, wahudumu wanagombezwa kila siku, meneja mpaka kabadilisha msambazaji wa waini kumbe msambazaji wa watu hana kosa! Na kuna chupa vizibo vilishaanza kusukumwa juu kwa joto, waini inavuja pembeni. Chukua yenye kompresa, na iache nafasi nyuma ipumue.

Mdau_Mbezi: Ila nyekundu si inanywewa joto la chumba? Mbona mnaipeleka kwenye friji

MzeeWaGlasi: Chumba cha Ulaya enzi hizo kijana, 16 mpaka 18, sio sebule ya Mbezi mwezi wa kwanza. Nyekundu ikifika 28 puani unasikia spiriti tu. Iweke friji kwanza kabla ya kufungua. Ila isipitilize, baridi kali inafanya ule ukakasi unaokausha ulimi uzidi.

Zabibu_Dodoma: Mbona zote za nje tu? Zabibu zetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Nyekundu tamu ya Dodoma iweke baridi kabisa na barafu ndani ya glasi, watu watarudi.

MzeeWaGlasi: Baridi sawa, barafu ndani ya glasi hapana. Unaongeza maji.

Zabibu_Dodoma: Mnywaji ndo anajua anachotaka mzee. Kwetu tunakunywa hivyo na tunafurahi.

Mdau_Mbezi: Tuachane na barafu, hiyo ya kompresa inakula umeme wa LUKU kiasi gani?

Fundi_Baridi: Inategemea mlango unafunguliwa mara ngapi. Bi_Kaunta piga picha ile karatasi ya nyuma yenye wati uiweke hapa. Na umeme huko unakatika sana?

Bi_Kaunta: Unakatika. Kesho napita dukani naipiga. Na pweza nao watakuwepo, niwauze na nyeupe ipi?

Zabibu_Dodoma: Ya Dodoma!