Ukoo wa Masese: Mashua Bado Imelala Entebbe

*Jumamosi, Julai*

06:41 Da Mwajuma: Asalaam aleikum ukoo. Leo siku ya 41 tangu Subira ilale Entebbe "usiku mbili tu". Nafasi mwaloni 3,000 kwa siku, mlinzi 7,000. Jumla 410,000. Tumelipa 150,000, bado 260,000. Watu wazima tuko 13, kila mmoja 20,000. Mwisho leo saa kumi jioni.

06:44 Da Mwajuma: Nani anafungua?

07:30 Da Mwajuma: Naona 11 mmesoma. Tiki za buluu hazimlipi mlinzi.

07:52 Twaha: 🙏🙏

07:53 Da Mwajuma: Twaha, hiyo mikono ni shilingi ngapi?

08:20 Kassim: Waaleikum salaam. Jamani, ninayelala na mashua ni mimi, msinipigie hesabu kama mgeni. Pangaboi jipya lilishafungwa. Lile la zamani si mlijua lilikula kamba kwenye magugumaji? Sasa shida ni upepo. Tangu Juni unatoka kusini-mashariki. Alfajiri mpole, ikifika saa nne ziwa lote vichwa vyeupe. Hapa mpaka Kalangala ni kupigwa ubavu wa kushoto njia nzima, na Kasensero ni mbele zaidi.

08:26 Hamza Kasensero: Na mimi nimeshapatana na watu wa dagaa tangu mwezi jana. Kila wiki naambiwa kesho.

08:27 Twaha: Kilichomshika Kassim si upepo. Ni yule dada wa rolex, zile chapati za mayai.

08:27 Kassim: Twaha nyamaza 😂

08:29 Sauda: Rolex ya mayai mangapi?

08:29 Twaha: Matatu. Na halipi.

08:31 Da Mwajuma: Nimeuliza fedha, sikuuliza mayai.

08:32 Sauda: Da Mwaju, hiyo nayo ni gharama ya safari, iandike.

09:10 Kassim: [Picha] Tuache utani. Tazameni ubao wa tatu kutoka juu. Kidole changu cha mwisho kinaingia chote. Tuliivuta nchi kavu kufunga pangaboi, jua likaikausha, pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa, inachomoka yenyewe.

09:48 Mjomba Idi: Nani aliwaambia muiache juani wiki zote hizo? Mashua ya mbao makazi yake majini. Irudisheni, ijazeni maji, izame kina cha kiuno siku tatu. Mbao zikinywa zitavimba, zitashikana zenyewe. Patakapobaki kuvuja ndipo mpige pamba mpya.

09:50 Da Mwajuma: Ahsante Mjomba. Na 20,000 yako?

09:51 Mjomba Idi: Nitatuma.

09:51 Da Mwajuma: Kama ulivyotuma ya ile injini ya marehemu?

10:14 Mjomba Idi: Mwajuma.

10:15 Mjomba Idi: Nilijua tutafika huko. Tangu 2011, hakuna arusi, hakuna matanga, injini tu.

10:17 Sauda: *Ujumbe huu umefutwa*

10:18 Twaha: Banange, turudi kwenye rolex.

15:05 Rehema Florida: Ndio naamka. Mnamwonea Kassim. Huku ninakosafisha boti, wenyewe wanashuka kutoka kaskazini baridi ikikaribia, Oktoba, Novemba. Anafika mtu, anasema napumzika siku tatu. Mara hali ya hewa, mara kipuri kimeagizwa, mara mke amechoka. Mwezi unaisha bado yupo. Na marina inatoza kwa urefu, kila futi ya boti ina bei yake.

15:07 Twaha: Kwa futi! Yetu ina 28. Rehema, usimwonyeshe mlinzi huo ujumbe.

15:08 Da Mwajuma: Rehema, 20,000 yako unaituma kwa njia gani?

15:31 Da Mwajuma: Rehema?

16:02 Da Mwajuma: Saa kumi imefika. Aliyetuma ni Sauda peke yake. Kassim, kama fedha hakuna, kesho alfajiri ondokeni, pamba mtapiga hukohuko Kalangala.

17:46 Babu Swaleh: Nimesoma yote, miwani ilikuwa kwa Zubeda. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa gatini Mwanza asubuhi, nimeshika mfuko wa machungwa, nangoja watu wangu wa MV Bukoba. Mnajua ni nani. Yale machungwa nilirudi nayo Masese. Hakuna anayeondoka kesho. Kassim, fanya alivyosema Idi, kisha nitakuja niutie ubao ule kidole mwenyewe. Na wewe Mwajuma, fedha ya injini Idi hakuila. Usiniulize zaidi.

18:20 Kassim: Shikamoo Babu. Nimesikia.

18:22 Sauda: Shikamoo Babu.

18:40 Mjomba Idi: Nimetuma 40,000. Yangu na ya Babu.

19:03 Da Mwajuma: Imefika.

19:04 Da Mwajuma: Bado 200,000.

19:11 Hamza Kasensero: Sasa wale wa dagaa niwaambie Agosti au niwarudishie advansi yao?

19:30 Twaha: Kassim, kina cha kiuno, kiuno cha nani? Wewe mfupi.

20:15 Da Mwajuma: Hamza, ngoja Babu afike Entebbe kwanza. Nani atampeleka? Kwa boda sikubali.

21:02 Da Mwajuma: Mlinzi amenipigia. Anasema mashua ikizamishwa, kuilinda ndani ya maji ni 10,000.